UZI: Rwanda ilipofungua shule Septemba 1994, nani angesimama mbele ya ubao?

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila vita inapoisha mahali fulani barani kwetu, mjadala wa elimu huanza kwa hesabu. Madarasa mangapi yamebomoka, madawati mangapi yamechomwa kuni, vitabu vingapi vinahitajika. Mimi ni mwalimu, nimeshika chaki miaka mingi, kwa hiyo hesabu hizo nazielewa na sizidharau. Mtoto hawezi kuandika akiwa amechutama kwenye tope. Ila kadiri ninavyosoma habari za Rwanda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuna swali linalopaswa kutangulia matofali na huwa linarukwa: hiyo shule iliyobomoka ilikuwa inafundisha nini siku moja kabla haijabomoka?

Nauleta uzi huu kwa sababu hiyo. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande, naombeni mnivumilie hadi mwisho ndipo tujadili.

KABLA YA 1994

Walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wana kumbukumbu moja inayofanana mno. Ni ya siku mwalimu aliposema darasani: "Watutsi wasimame." Mtoto ana miaka saba au minane, hajui aende upande gani, anasimama na rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Darasa linacheka. Mwalimu anamrudisha nyumbani akamuulize baba yake yeye ni nani. Kesho yake anarudi akiwa na jibu, na kuanzia hapo anajua nani wa kucheza naye na nani wa kumwogopa.

Tazameni nani aliyeuliza swali hilo. Aliuliza mwalimu, mbele ya ubao, saa za kazi, akiwa na daftari la mahudhurio mkononi kwa sababu serikali ilitaka takwimu.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Mwaka 1929 mabruda wa Kikatoliki walifungua shule kubwa Astrida, mji tunaoujua leo kama Butare au Huye, na chini ya Wabelgiji shule ile ilipendelea watoto wa machifu wa Kitutsi ili wawe makarani na watawala wasaidizi. Miaka ya 1930 vikaja vitambulisho vyenye kabila. Baada ya uhuru wa 1962 mizani ikapinduliwa upande wa pili, lakini ikabaki mizani ileile ya kumpima mtoto kwa ukoo wake. Mapema mwaka 1973 wanafunzi na walimu wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na chuo kikuu. Majina yao yalibandikwa ukutani wakatakiwa kuondoka. Miezi michache baadaye Jenerali Habyarimana akapindua serikali akawa rais, na chini yake likaimarishwa lile waliloliita iringaniza, yaani uwiano. Nafasi za sekondari na chuo kikuu ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa.

Neno uwiano lina sura nzuri. Mtu asiyejua angeweza kulipigia makofi. Kwa vitendo, Mtutsi aliyefaulu sana aliachwa kwa kuwa fungu la kabila lake limejaa, na Mhutu wa kusini aliachwa kwa kuwa nafasi zilielekea kaskazini, Gisenyi na Ruhengeri, kwa watu wa nyumbani kwa wakubwa. Kwa nchi ambayo sekondari zilikuwa chache kuliko watoto waliozitamani, kila jina lililoachwa lilikuwa familia nzima imefungiwa mlango.

Hapa lazima nimtaje mtu mmoja, kwa sababu wengi wanamjua kwa kifo chake tu. Agathe Uwilingiyimana alikuwa mwalimu wa sayansi, alifundisha kemia. Aprili 1992 aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu, naye akaufuta mfumo wa kugawa nafasi kwa kabila; akasema nafasi zifuate alama. Mwezi mmoja baadaye watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake wakampiga. Yeye alikuwa Mhutu, kwa hiyo hakuwa anatetea nafasi ya kabila lake. Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, na asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, saa chache baada ya ndege ya rais kudunguliwa, wanajeshi walimuua. Watu wanakumbuka kwamba alikuwa Waziri Mkuu mwanamke. Mimi namkumbuka kama mwalimu mwenzangu aliyeligusa daftari la majina ya wanaochaguliwa sekondari, akaona jinsi lilivyo na wenyewe.

Mauaji yalipoanza, shule haikuwa kimbilio. Kicukiro, Kigali, zaidi ya watu 2,000 walijificha katika shule ya ufundi ya ETO wakilindwa na askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale waliondoka, na watu wakachukuliwa kwenda kuuawa. Murambi, Gikongoro, maelfu kwa maelfu waliambiwa wakusanyike katika shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa, kwamba huko watakuwa salama. Waliuawa hapohapo tarehe 21. Majengo yale leo ni kumbukumbu, na madarasa yake hayakupata kufundishiwa.

SEPTEMBA 1994

Serikali mpya iliapishwa Julai 19. Septemba hiyohiyo shule za msingi zikafunguliwa. Miezi miwili! Wizara haina mafaili, ofisi zimeporwa hadi vitasa, hakuna orodha ya walimu wala ya mishahara, na damu kwenye kuta za baadhi ya madarasa ilikuwa bado haijasuguliwa ikatoka.

Zililetwa sanduku za shule. Huu ni ubunifu ambao UNESCO ilikuwa imeuanza Somalia mwaka uliotangulia: sanduku moja lina chaki, madaftari, kalamu, vifaa vya kuhesabia na mwongozo wa mwalimu, linatosha watoto 80 kwa zamu mbili za 40. Sanduku za aina hiyo zilitumika pia kwetu Tanzania, wilayani Ngara, kwa watoto wa wakimbizi waliovuka Rusumo. Wenye umri wangu mnakumbuka mwisho wa Aprili 1994 watu robo milioni walivyoingia kwa siku moja na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla watu hawajajua imetokea nini.

Nalisifu lile sanduku bila kusita. Mtoto anapopewa daftari jipya na kuambiwa aandike tarehe ya leo, kuna kitu kinatulia kichwani mwake. Lakini sanduku halina mwalimu ndani yake.

Na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Walimu walikuwa wapi? Wengine walikuwa kwenye makaburi ya halaiki. Wengine walikuwa kambini, Goma (Zaire, Kongo ya leo) na Benaco. Wengine walikuwa gerezani, na baadhi yao kwa haki kabisa, maana walishika panga dhidi ya wanafunzi wao wenyewe. Walimu waliua wanafunzi wao. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna laini zaidi nikashindwa.

Waliobaki, pamoja na waliorudi kutoka uhamishoni Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania, walikuwa wachache, na wengi waliopewa chaki hawakuwa wamesomea ualimu. Kijana aliyemaliza sekondari jana ndiye mwalimu leo. Sasa ingieni naye darasani. Dawati la mbele yupo yatima ambaye ndugu zake wote wameuawa. Dawati la nyuma yupo mtoto ambaye baba yake yuko gerezani akituhumiwa kwa mauaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza yalikuwa na watu zaidi ya 120,000, na familia ndizo zilizowapelekea chakula, kwa hiyo kuna siku mtoto yule haji shule, yuko njiani na kikapu. Wote wawili wanajua kila mmoja ni mtoto wa nani. Mwalimu naye anajua. Na wao wanajua mwalimu alikuwa wapi mwezi Aprili, au hawajui, na kutokujua ndiko kubaya zaidi.

Halafu anageuka ubaoni kuandika jedwali la kuzidisha.

Mwaka 1995 watafiti waliwahoji watoto 3,030 wa Rwanda wenye umri wa miaka 8 hadi 19. Asilimia 90 walisema waliwahi kuamini kwamba wanakufa. Asilimia 15 walinusurika kwa kujificha chini ya maiti. Chukua darasa la watoto 60 ufanye hesabu mwenyewe: watoto tisa katika chumba kimoja. Wanyarwanda wana neno ihahamuka, mshtuko unaomrudia mtu kama vile jambo linatokea upya. Mtoto mmoja anaanza kulia na kupiga kelele katikati ya somo, hasa ukifika Aprili, na kilio kinapita kwa wengine kama moto kwenye nyasi kavu. Chuo gani cha ualimu kilikuwa kimemfundisha mtu la kufanya hapo? Wapo walioanza kupewa mafunzo ya kuwatuliza watoto, lakini mahitaji yaliizidi idadi yao kwa mbali.

Naishia hapa kwa sasa, nitaendelea jioni.

TUENDELEE

Nashukuru kwa maoni. Nitajibu maswali mwishoni, kwanza nimalize.

Nilisema mwanzoni kwamba swali ni nini kilikuwa kinafundishwa. Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote walilofanya Wanyarwanda kwenye elimu miaka ile ni dogo ukilitazama: mtihani. Kabila likaondolewa kwenye vitambulisho na kwenye kumbukumbu za mwanafunzi, likaundwa baraza la mitihani la taifa, na nafasi zikaanza kwenda kwa alama. Msahihishaji anaona namba, haoni jina wala anakotoka mtoto. Matokeo yanatangazwa. Mzazi wa kijijini aliyezoea kwamba majina hutoka kwa wakubwa huko juu, sasa anaona mtoto wa jirani amechaguliwa na anaweza kuuliza alipata ngapi.

Jambo hilo halihitaji jengo. Linahitaji karatasi, kufuli, na watu wachache wasionunulika. Agathe alikuwa ameliona miaka miwili kabla ya vita, na angeachwa alisimamie, sijui nchi ile ingekuwa wapi.

Haki yenyewe, hata hivyo, haikukosa maumivu. Mwaka 1998 ulianzishwa mfuko wa kusaidia manusura wasiojiweza, FARG, ukawalipia ada vijana wengi sana ambao bila huo wasingesoma. Ulikuwa wajibu, na mtu asiniambie vinginevyo. Lakini darasani hapohapo alikuwepo yatima mwingine, aliyempoteza mama kwa kipindupindu kambini Goma au baba yake kuliwa na vita vya Zaire, ambaye mfuko ule haukumhusu. Ada ikifika, huyu analipiwa, yule anarudishwa nyumbani. Watoto hawana lugha ya sera. Wanachoona ni nani amebaki darasani. Afadhali ilipofika 2003 ada za shule za msingi zikafutwa kwa wote.

SOMO LA HISTORIA

Hapa nina la kusema, maana ndilo somo langu.

Baada ya mauaji serikali ilisitisha ufundishaji wa historia ya Rwanda mashuleni. Sababu ilieleweka: vitabu vilivyokuwepo vilisimulia kwamba Watutsi ni wageni waliotoka mbali, Wahutu ni wenye nchi, na simulizi hiyo ndiyo iliyopigwa redioni watu wakielekezwa kuua. Huwezi kumpa mtoto kitabu kile Jumatatu. Kwa hiyo likasimamishwa hadi pale watakapokubaliana waandike nini.

Makubaliano yalichukua zaidi ya miaka kumi. Kizazi kizima kilimaliza shule bila somo la historia ya nchi yake kufundishwa kama inavyotakiwa. Na mtoto hakosi historia kwa sababu mwalimu amenyamaza. Ataipata jikoni, ataipata kwa mjomba aliyetoka gerezani, ataipata kwa bibi anayelia usiku. Kila nyumba ilikuwa na historia yake na shule haikuwa na yake.

Mtaala mpya uliozinduliwa 2015 uliweka mauaji ya kimbari wazi ndani ya masomo, kwa umri na kwa hatua, na ukataka wanafunzi wajadili. Ni hatua kubwa. Lakini jiweke kwenye viatu vya mwalimu. Tangu 2008 kuna sheria kali dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyofanyiwa marekebisho baadaye, na miaka ileile Bunge liliwahi kuchunguza mashule na walimu kadhaa wakasimamishwa. Sheria ina sababu zake. Nchi iliyochomwa na maneno lazima iyaogope maneno. Lakini mwanafunzi akinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na wakimbizi wa Kihutu waliouawa msituni Kongo je?", mwalimu ana sekunde tatu za kuamua. Wengi watasema, tufungue ukurasa unaofuata. Siwalaumu. Ningeweza kufanya hivyo hivyo, na ningejua kwamba siku hiyo sijafundisha.

Sina suluhisho rahisi. Ninachojua ni kwamba mwalimu wa historia katika nchi iliyotoka vitani anahitaji kulindwa na kufunzwa kuliko mwalimu mwingine yeyote, naye mara nyingi huwa wa mwisho kufikiriwa.

LUGHA

Hili nalo ni uzi wa peke yake, nitalipitia kwa ufupi.

Waliobaki ndani ya nchi na waliorudi kutoka Burundi na Zaire walisoma kwa Kifaransa. Waliorudi kutoka Uganda na Tanzania walitumia Kiingereza. Mwaka 1996 ikawekwa sera ya lugha tatu: Kinyarwanda miaka mitatu ya mwanzo, kisha mtoto anaendelea kwa Kifaransa au Kiingereza. Oktoba 2008 serikali ikaamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia ngazi zote, na utekelezaji ukaanza 2009. Mwalimu aliyefundisha hisabati kwa Kifaransa Novemba, akirudi kutoka likizo anatakiwa kufundisha kwa lugha ambayo hajui hata kuombea maji. Mwaka 2011 wakarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya chini. Desemba 2019 wakatangaza Kiingereza tena tangu darasa la kwanza.

Nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, soko liko huku, uhusiano na Ufaransa ulikuwa mbaya, sababu zipo. Ila mimi nasimama upande wa yule mtoto. Rwanda ina bahati ambayo nchi nyingi za Afrika hazina: karibu watu wote wanazungumza lugha moja, Kinyarwanda, kuanzia mpaka hadi mpaka. Baada ya yote yaliyotokea, kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma kwa lugha ya mama yake ilikuwa zawadi iliyokuwa mkononi tayari. Kuichezea mara tatu ndani ya miaka kumi na miwili ni kosa, na anayelipa ni mtoto.

WINGI NA UBORA

Kwa wingi, Rwanda imefanya maajabu. Mwaka 2009 elimu ya msingi bila ada ikafika miaka tisa, 2012 ikafika kumi na miwili. Wananchi walijenga madarasa wenyewe kwa umuganda, yaani kazi za pamoja za kujitolea, kina mama wakipanga foleni ya kupitishiana matofali. Wasichana wakafikia na kuwapita wavulana kwa uandikishaji wa shule za msingi. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, waliamua kujenga madarasa zaidi ya 22,000 kupunguza msongamano.

Halafu ukiangalia makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka huohuo 2020, unakuta mtoto wa Rwanda anatarajiwa kukaa shuleni miaka 6.9 hadi afikishe umri wa miaka 18, lakini ukipima anachojifunza ni sawa na miaka 3.9. Miaka mitatu inamwagika njiani. Inamwagikia kwenye lugha, kwenye madarasa ya zamu mbili ambako mwalimu yuleyule anafundisha asubuhi na mchana hadi sauti inakauka, na kwenye mshahara ambao kwa miaka mingi ulikuwa mdogo kiasi kwamba vijana hodari walikimbia mara tu wakipata kazi nyingine. Agosti 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88. Ongezeko la ukubwa huo linakuonyesha walikuwa chini kiasi gani, miaka 28 baada ya vita.

MAJIBU

Mkuu aliyeuliza kwa nini hawakufunga shule mwaka mzima wakawachuja na kuwafunza walimu kwanza: nimeliwaza sana hili. Kitaalamu una hoja. Lakini mwaka mmoja bila shule, kwa nchi yenye yatima maelfu, wengine wakiwa ndio wakuu wa kaya na umri wa miaka 13, maana yake wangebaki barabarani na mashambani peke yao, na mpakani kulikuwa na Interahamwe, wanamgambo waliofanya mauaji yale, wakitafuta vijana. Mwishoni mwa 1996 zaidi ya watu milioni moja wakarejea kutoka Zaire na Tanzania kwa wiki chache, na watoto wao wakaingia kwenye madarasa hayohayo. Kama mlango haukuwa wazi tayari, wangeufungua saa ngapi? Shule mbovu iliyo wazi ilikuwa afadhali. Kosa, kwangu, lilikuwa kuchelewa kuwarudia wale walimu wa dharura. Mtu alipewa chaki kwa muda akazeeka nayo.

Ndugu aliyesema Rwanda imefaulu kwa sababu ina serikali yenye mkono mzito, na kwamba nchi kama Sudan Kusini haiwezi kuiga: sehemu kubwa nakubaliana nawe. Amri ikitoka Kigali inafika kilimani wiki hiyohiyo. Hiyo ndiyo iliyojenga madarasa, na ndiyo pia iliyobadilisha lugha bila kumuuliza mwalimu. Chombo ni kilekile. Ila suala la mtihani wa namba, la kuondoa kabila kwenye daftari la mahudhurio, hilo nadhani linawezekana hata kwa serikali dhaifu, kama waziri ana nia.

Dada yangu uliyeuliza kuhusu wanafunzi wa vyuo: Chuo Kikuu cha Butare kilifunguliwa tena Aprili 1995, mwaka mmoja tu baadaye, kikiwa kimepoteza wahadhiri na wanafunzi wengi. Kilichofuata kinastahili uzi wake na sina ujuzi wa kutosha wa maisha ya chuoni kuuandika vizuri. Mwenye nao auanzishe, nitakuwa wa kwanza kusoma.

Na wa mwisho, mkuu uliyeandika kwamba "shule haiwezi kubadilisha moyo wa mtu, tunajidanganya." Nimekaa na swali lako tangu jana.

Kuna mahali panaitwa Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisani hapo, na kanisa likaangushwa juu yao kwa buldoza. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokuwa hapa kwetu Arusha, na 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Pale Nyange pana sekondari. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa madarasa mawili ya juu wakiwa wanajisomea baada ya chakula, wanamgambo walivunja wakaingia na bunduki. Wakawaamuru watengane: Wahutu huku, Watutsi kule.

Ni amri ileile. Watutsi wasimame. Wale vijana waliisikia wakiwa watoto wadogo, kutoka kwa mwalimu.

Safari hii hawakusimama. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena wakakataa tena, ndipo risasi na mabomu ya mkono yakaanza. Sita waliuawa, wa saba akafariki baadaye, na wengi waliosalia walibaki na majeraha. Walikuwemo Wahutu ambao wangetembea hatua tano tu wakaishi. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa linaloitwa Imena, lilelile alilowekwa Agathe Uwilingiyimana.

Siwezi kukuapia kwamba ni shule iliyowafanya hivyo. Pengine ni imani zao, pengine malezi, pengine walikuwa wamechoka kuona watu wanakufa. Nilichonacho ni hiki: walikuwa wamekaa bweni moja, wakala chungu kimoja na kufanya mitihani ileile kwa kipindi kisichofika miaka mitatu, katika shule iliyofunguliwa haraka, na walimu wachache. Na amri ilipokuja, hakuna aliyehama dawati.